Ziwa kwanza, udongo baadaye: mwongozo kamili wa kurekebisha modeli ya akiba ya maji kwa vipimo vya setilaiti

Modeli nyingi za maji, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa maji ya bonde, hupimwa kwa kitu kimoja tu, mtiririko wa mto. Mhandisi hubadilisha vigezo hadi mchoro wa modeli ukae juu ya mchoro wa kituo cha Kyaka kwenye Kagera au cha Rwambwa kwenye Nzoia, kisha husema modeli imekaa sawa. Lakini mto unaweza kutoka sawasawa huku akiba iliyobaki ndani ya bonde, yaani ziwa, vinamasi, udongo na maji ya ardhini, ikiwa imekosewa vibaya.

Chukua bonde la Ziwa Victoria. Maji yakitoka ziwani kwenye mlango wake wa Jinja, Uganda, kwa kasi ya mita za ujazo 1,000 kwa sekunde mwezi mzima, yanafika kama kilomita za ujazo 2.6. Yatandaze juu ya bonde lote la kilomita za mraba 258,000 na utapata kina cha sentimita moja tu. Mvua ya mwezi mmoja wa masika ni mara nyingi zaidi ya hapo, na uvukizi vivyo hivyo. Kwa hiyo anayeirekebisha modeli kwa mtiririko peke yake anashika mkia wa ng'ombe na kudhani ameshamfunga. Mwaka 2018 ulichapishwa ulinganisho wa modeli saba za dunia na vipimo vya GRACE, setilaiti zinazopima uzito wa maji kwa nguvu ya uvutano, katika mabonde 186, na kwa jumla modeli zilionyesha mabadiliko madogo kuliko yaliyopimwa, kwenye mabonde yaliyopoteza maji na kwenye yaliyoongeza.

Nitafuata bonde hili la Victoria kuanzia data hadi ukaguzi wa mwisho. Lina mlango mmoja wa kutokea, ni kubwa kiasi cha kuonekana na setilaiti za uvutano, na linamtega kila anayeanza. Mtego wenyewe ni ziwa. Ukiingiza vipimo vya GRACE kwenye modeli isiyo na ziwa, modeli itatii: itachukua maji ya ziwa na kuyamwaga kwenye udongo na maji ya ardhini, na michoro yako itapendeza huku ukiwa umeharibu kila kitu.

Unachohitaji mkononi

Kompyuta ya kawaida inatosha kwa hatua za mwanzo, ikiwa na Python na maktaba ya xarray kwa ajili ya mafaili ya NetCDF, muundo ambao data hizi huja nao. Fungua akaunti ya bure ya NASA Earthdata. La muhimu zaidi, uwe na modeli unayoweza kuisimamisha mwisho wa mwezi, kubadilisha kiasi cha maji kilichomo, na kuiendesha tena kutoka hapo. Modeli isiyoruhusu hilo unaweza kuikagua kwa setilaiti, ila huwezi kuirekebisha kwa njia ya hatua ya sita.

Hatua ya 1: Jua kila setilaiti inapima nini hasa

GRACE ilirushwa Machi 2002 na kumaliza kazi 2017. Mrithi wake, GRACE-FO, alirushwa Mei 2018. Ni setilaiti mbili zinazofuatana kwenye njia moja, zikiwa kilomita 220 hivi kati yao. Ya mbele ikikaribia eneo lenye uzito mwingi inavutwa kidogo zaidi, umbali unabadilika, kisha ya nyuma nayo inavutwa. Mabadiliko hayo hupimwa kwa usahihi wa sehemu za milioni za mita, na kutokana nayo hupatikana ramani ya mwezi ya mabadiliko ya uzito wa dunia. Penye nchi kavu na maziwa, sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ni maji.

GRACE ni mzani wa gunia lililoshonwa: inakupa kilo, haikuambii ndani kuna mchele au mahindi. Ziwa, udongo na maji ya ardhini huja kama jumla moja. Tena haikupi kiasi chote kilichopo, inakupa tofauti na wastani wa kipindi fulani, kwa sentimita za kina cha maji. Na haioni vitu vidogo: chini ya upana wa kilomita 300 hivi, mambo huchanganyika.

Altimeta za rada hupima kimo cha uso wa maji. Mlolongo wa TOPEX/Poseidon (1992), Jason-1, Jason-2, Jason-3 na Sentinel-6 (2020) hurudi kwenye njia ileile kila baada ya siku 10, na Sentinel-3 kila baada ya siku 27. SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, haipimi mstari mmoja chini yake tu. Inafagia ukanda mpana kila upande wa njia yake, hivyo maziwa madogo na mito yenye upana wa mita 100 na zaidi yanaingia kwenye hesabu. SMAP (2015) hupima unyevu wa udongo, lakini sentimita tano za juu tu. Kwa mvua kuna IMERG na CHIRPS, makadirio ya mvua yanayotokana na setilaiti.

Hatua ya 2: Chora mpaka na uchague kipindi cha msingi

Hapa pitia haraka lakini kwa makini. Chora mpaka wa bonde hadi Jinja, na mpaka wa ziwa peke yake, kilomita za mraba 68,800 hivi. Gawanya eneo la ziwa kwa eneo la bonde: 0.267. Namba hii utaitumia kila mara. Ziwa likipanda mita moja, ni kilomita za ujazo 68.8, na bonde zima linaonekana limeongeza sentimita 26.7 hata kama udongo haujapata tone.

Data za GRACE huja zikiwa zimetolewa wastani wa 2004 hadi 2009. Toa wastani wa miaka hiyohiyo kwenye ziwa na kwenye modeli pia. Watu hukwama hapa bila kujua: modeli inatolewa wastani wa miaka yake yote, GRACE wa miaka sita, na tofauti ya mistari miwili inageuzwa kuwa "kosa la maji ya ardhini". Kipindi chenyewe kina kasoro yake kwa Victoria, kwa sababu ndani yake mna kiangazi kirefu ambapo ziwa lilishuka sana hadi 2006. Si tatizo mradi pande zote zitumie kipindi kimoja.

Hatua ya 3: Jenga historia ya ziwa

Usianze na data ghafi za rada. DAHITI ya Munich, Hydroweb ya Ufaransa na G-REALM ya Wizara ya Kilimo ya Marekani zote hutoa kimo cha Victoria kilichokwisha kusafishwa, bila malipo. Chukua angalau mbili na uzichore pamoja.

Ukiamua kuunganisha setilaiti mwenyewe, angalia duaradufu ya marejeo, yaani umbo la dunia ambalo vimo hupimwa kutoka kwake. Ile ya TOPEX na WGS84 zinapishana kwa takriban sentimita 70, na wapo waliowahi kushangilia "kupanda kwa ziwa" kulikotokana na hilo tu. Kisha tafuta miezi ambayo setilaiti mbili ziliruka pamoja, pima tofauti ya wastani kati yake, na uisawazishe. Tupa vipimo vilivyo karibu na ufuko au visiwa kama Ukerewe na Ssese, maana mwangwi wa nchi kavu huchafua wa maji. Upepo nao husukuma maji upande mmoja wa ziwa, kwa hiyo kipimo cha siku moja kisikutishe. Tumia wastani wa mwezi.

Linganisha na vipimo vya kina vilivyosomwa Jinja, Kisumu au Mwanza. Kila kituo kina sifuri yake, basi linganisha kupanda na kushuka, si namba zenyewe. Unapaswa kuona mambo mawili bila kutafuta: mshuko ulioishia 2006, ambao ulitokana na ukame pamoja na maji mengi kuachiwa bwawani Jinja, na mpando wa zaidi ya mita moja ulioanza na vuli kali ya 2019 na kuipita rekodi ya 1964 mnamo Mei 2020. Kama mchoro wako hauonyeshi hayo, rudi nyuma.

Kugeuza kimo kuwa ujazo ni rahisi kwa Victoria, kwani kupanda kwa mita moja hakubadilishi sana eneo la ziwa lote. Zidisha tu. Kwa ziwa lenye ufuko tambarare huwezi kufanya hivyo. Lazima upate eneo la maji kwa kila kimo kutoka picha za setilaiti za Landsat au Sentinel-2, halafu ujumlishe tabaka kwa tabaka.

Hatua ya 4: Ondoa ziwa kwenye GRACE

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Kishawishi ni kuchukua wastani wa GRACE wa bonde, kutoa 0.267 mara kimo cha ziwa, na kuita kinachobaki "udongo na maji ya ardhini". Usifanye hivyo. Ramani ya GRACE imelainishwa. Uzito wa ziwa umesambaa nje ya ufuko wake, na sehemu yake imevuka hata mpaka wa bonde. Ukitoa uzito kamili wa ziwa kutoka kwenye ramani iliyopoteza sehemu ya uzito huo, utatoa kupita kiasi, na nchi kavu itaonekana imekauka katika miezi ileile ambayo mvua ilijaza ziwa. Huo ndio upuuzi utakaokuambia umekosea.

Njia sahihi ni kulichafua ziwa kwa namna ileile GRACE ilivyochafuliwa. Tengeneza ramani ya dunia yenye sifuri kila mahali isipokuwa ndani ya Victoria, ambapo unaweka mabadiliko ya kimo ya mwezi husika. Igeuze kuwa hamoniki za tufe, yaani jumla ya mawimbi juu ya tufe, hadi daraja lilelile la data zako, tuseme 60 au 96, pitisha chujio lilelile, kisha irudishe kuwa ramani. Sasa toa ramani kwa ramani. Ukitumia maskoni za JPL, yaani data za GRACE zilizogawanywa kwa vipande vya uzito, lainisha ziwa kwa kuchukua wastani ndani ya kila maskoni ya digrii tatu kabla ya kutoa. Gridi ya faili hizo ni ya nusu digrii, lakini usidanganyike na udogo wa seli. Taarifa iliyomo ni ya ukubwa wa maskoni. Vilevile vizidishi vya kukuzia, vya kurudisha kilichopotea kwa kulainisha, vinavyoambatana na faili za JPL vilitengenezwa kutoka modeli ya nchi kavu, hivyo kwa eneo lenye ziwa kubwa kiasi hiki mimi siviamini.

Fanya hivyohivyo kwa Tanganyika. Iko nje ya bonde, lakini ina kilomita za mraba 32,900 na iko karibu kiasi cha uzito wake kuvuja upande wa Rwanda na Burundi, hasa kwa kuwa nayo ilipanda baada ya mvua za 2019. Albert na Kyoga ni ndogo zaidi; jaribu kuziweka na kuziondoa uone kama kuna kinachobadilika.

Miezi mingine haipo. Kuanzia 2011 betri za GRACE zilichoka, na vyombo vikawa vinazimwa mara kwa mara, na kati ya Julai 2017 na Mei 2018 hakuna kitu kabisa. Usijaze pengo kwa kuvuta mstari ulionyooka. Acha modeli itembee peke yake katika miezi hiyo. Ndiyo kazi yake.

Hatua ya 5: Linganisha kabla ya kurekebisha

Weka modeli kando ya kilichobaki. Kama unatumia GLDAS ya NASA yenye modeli ya nchi kavu ya Noah, kumbuka ina tabaka nne za udongo hadi mita mbili na haina maji ya ardhini. Kuilinganisha na GRACE ni kulinganisha sehemu na jumla. Modeli za dunia za WaterGAP na PCR-GLOBWB zina vyumba vyote, yaani sehemu zote za kuhifadhia maji. SWAT, modeli ya bonde, ina maji ya ardhini lakini kwa namna iliyorahisishwa.

Gawanya mfululizo sehemu tatu: mzunguko wa misimu, mwelekeo wa miaka mingi, na mabaki. Kila sehemu ina ugonjwa wake. Modeli ikiwahi au ikichelewa mwezi mmoja kufika kilele baada ya masika, tazama kasi ya maji kushuka ardhini na njia ya mto kwenye vinamasi, hasa vya Kagera, ambavyo hushika maji kwa muda mrefu. Mawimbi ya misimu yakiwa mafupi mno, chumba cha udongo ni kidogo. Mwelekeo ukikosekana kabisa, tafuta mchakato usiokuwemo. Kaskazini-magharibi mwa India GRACE ilionyesha maji yakipungua kwa sababu ya visima vya kumwagilia. Modeli isiyojua visima, ukiilazimisha ifuate mwelekeo huo, itakausha udongo ili hesabu itimie, na mazao ya kwenye modeli yatakufa wakati shambani yamestawi.

Kama tatizo ni mchakato usiokuwemo, rekebisha modeli kwanza. Hatua ya sita si dawa ya hilo.

Angalia mvua pia. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia Victoria, takriban asilimia 80, hunyesha juu ya ziwa lenyewe, na dhoruba zake huja zaidi usiku, wakati vituo vya nchi kavu havina habari. Mvua ya ziwani usiitafute kwa kuvuta namba za Entebbe na Musoma. Tumia IMERG, kisha ihakiki kwa hesabu ya ziwa: badiliko la kimo, pamoja na uvukizi, pamoja na yaliyotoka Jinja, toa yaliyoletwa na mito.

Hatua ya 6: Ingiza vipimo ndani ya modeli

Njia iliyozoeleka ni chujio la Kalman la kundi, hesabu inayochanganya modeli na kipimo kwa kadiri ya uhakika wa kila kimoja, lililopendekezwa na Geir Evensen mwaka 1994. Badala ya modeli moja unaendesha nakala nyingi kwa pamoja, 20 hadi 30 kwa kuanzia. Kila nakala inapewa mvua iliyozidishwa kwa namba ya bahati nasibu yenye wastani wa moja, mionzi ya jua iliyosumbuliwa kidogo, na vigezo vya udongo vinavyopishana. Mvua ya ziwani na ya nchi kavu isumbue kila moja kivyake. Mtawanyiko wa nakala mwisho wa mwezi ndio modeli inavyokiri haina uhakika.

Ziwa lipe chumba chake, na chumba hicho kirekebishwe na altimeta, siyo GRACE. Kwenye nchi kavu ingiza kile kilichobaki baada ya kuondoa ziwa katika hatua ya nne. Hesabu ya mwezi mmoja ni hii. Tuseme modeli inatoa sentimita 6 juu ya wastani, na mtawanyiko wake ni sentimita 4. GRACE bila ziwa inatoa 11, na kosa lake ni sentimita 2. Mraba wa 4 ni 16, mraba wa 2 ni 4. Uzito wa kipimo ni 16 gawanya kwa 20, yaani 0.8. Tofauti ni 5, mara 0.8 ni 4. Jibu jipya ni sentimita 10.

Zile sentimita 4 zinaenda wapi? Hapa ndipo nakala nyingi zinapolipa gharama yake. Angalia kila chumba kinavyocheza pamoja na jumla katika nakala zote. Kama kati ya ile 16, maji ya ardhini yanachangia 10 na udongo 6, basi ardhini zinaenda sentimita 2.5 na udongoni 1.5. Hakuna aliyeamua kwa kukisia. Modeli yenyewe imegawa kwa kadiri ya mashaka yake. Na kama mgawanyo huo ni wa kipuuzi, kwa mfano udongo unapita ujazo wake, ujue nakala hazikutofautishwa inavyotakiwa.

Mambo matatu ya kuangalia unapoandika programu. Kipimo cha GRACE ni wastani wa mwezi, kwa hiyo linganisha na wastani wa mwezi wa modeli, kisha sambaza marekebisho kwenye siku za mwezi huo badala ya kuyatupa yote siku ya mwisho. Seli zilizo jirani hubeba kosa moja, hivyo usiingize kila seli kama shahidi huru. Ingiza wastani wa mabonde madogo machache au wa maskoni. Na makosa ya GRACE usiyafanye madogo ili modeli "itii" zaidi. Kutoa ziwa nako kuna kosa lake, lijumlishe.

Anayetaka kuona matokeo ya kazi kama hii kabla ya kuijenga apakue GLDAS-2.2, ambayo tayari imeingiziwa GRACE na ina matokeo ya kila siku tangu 2003. Lakini kwa Victoria itazame kwa jicho kali, kwa sababu ya ziwa.

Hatua ya 7: Kagua kwa usichokitumia

Kufanana na GRACE baada ya kuingiza GRACE hakuthibitishi chochote. Ficha vipimo vingine tangu mwanzo: mtiririko wa Kagera, Nzoia na Mara, visima vya uangalizi kama unavipata, unyevu wa SMAP. Mtiririko wa kiangazi ndio unaosema zaidi, kwani huo hutoka ardhini. Mtiririko wa modeli ukifanana zaidi na uliopimwa, maji uliyoyaongeza yamekwenda mahali pake. Ukiharibika huku jumla ikipendeza, mgawanyo wa hatua ya sita ni mbovu.

Fuatilia pia tofauti za kila mwezi kati ya kipimo na modeli kabla ya kurekebisha. Zigawanye kwa mtawanyiko uliotarajiwa, yaani mzizi wa ile 20. Wastani wake uwe karibu na sifuri, na mtawanyiko wake karibu na moja. Zikiegemea upande mmoja miaka nenda rudi, modeli ina ugonjwa unaofunikwa kila mwezi kwa kuongezewa maji au kupunguziwa.

Bonde lako likiwa dogo

Rufiji inaingia kwenye uwezo wa GRACE, kwa shida kidogo kwenye kingo. Pangani haiingii, na Naivasha wala usijaribu. Kwa mabonde hayo acha uzito kabisa: tumia SWOT na Sentinel-3 kwa kimo, Landsat na Sentinel-2 kwa eneo la maji, SMAP kwa udongo wa juu, na uendeshe hatua ya sita kwa vipimo hivyo. Maji ya ardhini hapo setilaiti haitakupa. Itabidi mtu ashushe kamba kisimani, kila mwezi, na aandike tarehe.